Hewa ya Kijijini na Moshi wa Jikoni

Wengi huamini kwamba mgonjwa wa kifua akiondoka Dar es Salaam na kurudi kijijini atapata nafuu kwa kuvuta hewa safi. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Mjini kuna moshi wa magari, vumbi la barabara na taka zinazochomwa. Shambani hayo ni machache. Lakini mwanakijiji havuti pumzi shambani tu. Huvuta pia jikoni, na huko ndiko hesabu inakogeuka.

Chembechembe zinazodhuru zaidi ni zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, takriban sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Hufika hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na baadhi huingia katika damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Katika jiko la mafiga lisilo na dohani, kuni zinapofuka, kiwango hicho huweza kupitwa mara mia. Tena moshi wa barabarani huwapata wapita njia wote. Wa jikoni humwelemea mama apikaye na mtoto aliye mgongoni mwake.

Kwa sababu hiyo, kumuuliza mgonjwa kama anavuta sigara hakutoshi. Mwanamke mwenye kikohozi sugu, ambaye makohozi yake hayakuonesha kifua kikuu, atajibu kwamba hajawahi kuvuta, ilhali amevuta moshi wa kuni tangu utotoni. Mhudumu wa afya na amuulize pia: anapikia nini, wapi, na kwa miaka mingapi?

Kupikia nje, kutumia kuni kavu na kumweka mtoto mbali na moto hupunguza madhara, lakini hakuyaondoi. Tanzania imekusudia asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni la afya kama lilivyo la misitu, na litapimwa kwa jambo moja: iwapo mama wa kijijini ataweza kuujaza tena mtungi wa gesi ukiisha.