Kompyuta ya chama ikizorota msimu wa pamba, mkulima ndiye anayelipa

MKULIMA wa pamba anayesubiri zamu yake kwenye mizani haulizi kompyuta ya chama ina umri gani. Anauliza mambo mawili tu: kilo zake ni ngapi na fedha zake zitatoka lini. Katika chama cha msingi cha ushirika wa mazao, AMCOS, kinachotunza hesabu zake kwa kompyuta, majibu ya maswali hayo yote mawili yamo ndani ya mashine moja iliyo mezani kwa katibu.

Chukua mfano wa chama cha aina hiyo wilayani Sengerema, chenye wakulima 300 wanaouza pamba. Kompyuta mpakato yake ina umri wa miaka minane. Mwezi uliopita kumwingiza mkulima mmoja kwenye hesabu kulichukua dakika mbili. Wiki hii, bila sababu inayoonekana, kunachukua dakika saba. Kwa wakulima 300, kazi iliyokuwa ya saa 10 imekuwa ya saa 35. Hizo ni saa 25 za ziada, sawa na siku tatu za kazi, na kila siku inayoongezeka ni siku ambayo orodha ya malipo haijapelekwa benki.

Hapo ndipo kikao cha dharura huitwa, na mara nyingi huzaa moja kati ya maamuzi mawili. La kwanza ni kununua kompyuta mpya haraka haraka kwa fedha ambazo hazikuwamo kwenye bajeti. La pili ni kuivumilia ile ya zamani hadi izime kabisa. Yote mawili yana gharama, na gharama hiyo hatimaye hukatwa kwenye ushuru unaotokana na kilo za mkulima.

Kwa nini sasa

Sengerema si ngeni kwa kompyuta. Telesenta ya wilaya hiyo ilianza mwaka 2001, wakati sehemu kubwa ya vijijini nchini haikuwa na hata simu ya mkononi. Hata hivyo, kwa miaka mingi baada ya hapo kompyuta ilibaki kuwa kifaa cha kujifunzia na kuandikia barua. Daftari la chama liliendelea kuwa daftari la karatasi.

Hali hiyo imebadilika. Mwaka 2018 Serikali ilielekeza pamba iuzwe kupitia AMCOS, hatua iliyoongeza mzigo wa kumbukumbu kwa makatibu. Agosti 2022 ulizinduliwa mpango wa mbolea ya ruzuku, ambao ulihitaji wakulima kusajiliwa katika mfumo wa kidijitali. Tume ya Maendeleo ya Ushirika nayo ilileta Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, MUVU, ili taarifa za vyama zipatikane kwa njia ya mtandao.

Mifumo imekuja, lakini vifaa vya kuifungua havikubadilika kwa kasi hiyo hiyo. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Kompyuta nyingi za umri wa miaka minane au zaidi zinatumia mfumo huo.

Tukio hili la mwisho limezua maelezo mepesi mitaani: kila kompyuta ya zamani ikipunguza kasi, huambiwa kuwa "Windows yake imekwisha". Maelezo hayo si sahihi. Kukoma kwa huduma hakupunguzi kasi ya mashine hata kidogo. Kinachokoma ni viraka vya usalama, yaani marekebisho yanayoziba mianya ya virusi na wezi wa taarifa. Hilo ni tatizo la kweli, lakini ni tatizo jingine.

Uzee hauji kwa siku moja

Jambo la kwanza la kuzingatia ni neno "ghafla". Kompyuta inayozeeka hupungua kasi polepole, mwezi hadi mwezi, kadiri programu zinavyokuwa nzito. Iliyokuwa nzuri Ijumaa na kuwa nzito Jumatatu haikuzeeka mwishoni mwa wiki. Kuna kitu kimebadilika. Swali la kuuliza kabla ya kuita fundi ni hili: kimebadilika nini?

Jambo la pili ni mpangilio. Hatua ya kwanza kabisa ni kunakili kumbukumbu zote za chama kwenye diski ya nje au flashi mbili tofauti, kisha moja ikae mbali na ofisi. Sababu ni kwamba uzito wa ghafla unaweza kuwa dalili ya diski ngumu inayokufa, na diski inayokufa haisubiri kikao cha bodi. Baada ya hapo uchunguzi uanze na yale yasiyo na gharama, ndipo yafuate yale ya gharama ndogo.

Yasiyo na gharama ni mengi. Katika Windows 10, kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc hufungua Task Manager, ukurasa unaoonyesha ni programu ipi inayokula nguvu ya mashine. Ikiwa prosesa ndiyo iliyoelemewa, huenda kuna programu iliyokwama, virusi, au programu mbili za kuzuia virusi zinazogombana. Ikiwa ni kumbukumbu ya muda, RAM, ndiyo iliyojaa, mashine huanza kuhamishia kazi kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi, na kila kitu hukwama. Kufunga programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi kunaweza kumaliza tatizo lote.

Diski iliyojaa nayo huleta matokeo kama hayo. Kompyuta ya ofisi inayotumika pia kupakua video za harusi na mahubiri hufikia mahali ambapo mfumo hauna nafasi ya kupumulia. Wakati mwingine hakuna ubovu kabisa: mashine iko katikati ya kupakua masasisho kupitia bando dogo la simu. Kuiacha imewashwa usiku mmoja kunatosha kuthibitisha hilo.

Vumbi, joto na chaja

Kuna sababu ambazo ni za mazingira ya ghala la pamba hasa. Nyuzi na vumbi huingia kwenye feni na kuziba njia ya hewa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Dalili yake ni rahisi kuitambua: asubuhi mashine ni nyepesi, lakini baada ya robo saa inakuwa nzito na feni inavuma kwa sauti. Dawa yake ni kusafisha feni, kubadilisha krimu ya kupitisha joto juu ya prosesa, na kuacha kuiweka kompyuta juu ya gunia au kitambaa.

Sababu nyingine inayosahauliwa ni chaja. Baadhi ya kompyuta mpakato zikiunganishwa na chaja dhaifu, au chaja isiyo ya aina yake, hupunguza kasi kwa makusudi kwa kuwa hazipati umeme wa kutosha. Betri iliyokufa huweza kuleta hali hiyo hiyo kwa baadhi ya mashine. Chama ambacho kompyuta yake ilianza kuzorota wiki ile ile iliponunuliwa chaja mpya ya bei nafuu kina pa kuanzia.

Mwisho ni diski yenyewe. Kompyuta nyingi za umri huo zina diski ya kuzunguka, yenye sahani na sindano ndani yake. Mitikisiko ya pikipiki na umeme kukatika ghafla huiumiza. Ikitoa mlio wa kugonga, au Task Manager ikionyesha diski imeelemewa kwa asilimia 100 wakati hakuna kazi kubwa inayofanyika, ni vyema ikapimwa na fundi. Mbadala wake ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, inayosoma taarifa kwa kasi ya mara kadhaa zaidi. Kwa kompyuta ya zamani yenye diski ya kuzunguka, badiliko hilo moja ndilo ambalo mtumiaji hulihisi zaidi.

Kutengeneza au kununua

Baada ya chanzo kujulikana ndipo swali la kiuchumi linakuja. Wajumbe wengi wa bodi husema, "Kompyuta hii tuliinunua kwa fedha nyingi, hatuwezi kuitupa." Hoja hiyo haifai. Fedha iliyokwisha kutoka haiwezi kurudi kwa uamuzi wowote utakaofanyika leo. Kinachopaswa kulinganishwa ni gharama ya kila mwaka wa huduma utakaopatikana kuanzia sasa.

Tuseme, kwa mfano tu, SSD pamoja na ufundi vinagharimu Sh150,000 na vitaipa mashine miaka miwili zaidi. Hiyo ni Sh75,000 kwa mwaka. Kompyuta mpya ya Sh1,200,000 itakayodumu miaka mitano ni Sh240,000 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo matengenezo yanashinda. Lakini kama fundi anasema ubao mkuu nao una hitilafu na mashine itafika miezi sita tu, Sh150,000 hiyo inakuwa sawa na Sh300,000 kwa mwaka, na kununua mpya ndiyo nafuu. Kila chama kiweke bei kilizopewa chenyewe, lakini kanuni ni hiyo hiyo.

Suala la Windows 10 liingie hapa kama gharama ya hatari. Kompyuta inayogusa orodha ya malipo na mifumo ya Serikali isiendeshwe kwa muda mrefu bila viraka vya usalama. Windows 11 inahitaji RAM isiyopungua GB 4, kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, masharti ambayo mashine nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2018 hazitimizi. Kuisukuma kwa nguvu kwenye mashine isiyoistahili ni kujiongezea matatizo. Mifumo ya bure ya Linux ni njia nyingine kwa chama ambacho kazi zake nyingi hufanyika kupitia kivinjari cha intaneti, mradi kuwepo mtu wa kumwelekeza katibu.

Daraja limefika, tahadhari pia

Tangu Juni 19, 2025 lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, safari ya kwenda kwa mafundi wa Mwanza haitegemei tena kivuko. Kompyuta inaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Huo ni unafuu mkubwa kwa vyama vya Sengerema na Buchosa.

Unafuu huo una upande wake wa pili. Ndani ya mashine hiyo mna majina ya wakulima, namba zao za simu na akaunti zao za benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kuiacha kompyuta kwa fundi siku tatu bila hati ya makabidhiano si kuzilinda. Mwakilishi wa chama awepo wakati wa kazi, adai risiti, na diski ya zamani iliyotolewa irudi nayo chamani.

La kufanya kabla ya msimu ujao

Ununuzi wa pamba kwa kawaida huanza mwezi Mei. Mkulima mwenye jembe la kukokotwa na ng'ombe halinoi siku mvua inaponyesha, na kompyuta ya chama isisubiri mizani ifunguliwe. Isafishwe na kupimwa Machi au Aprili. Vyama vya kata moja vinaweza kuungana na kumlipa fundi mmoja kwa ziara moja, badala ya kila chama kusafiri peke yake.

La muhimu zaidi, mkutano mkuu utenge fungu la uchakavu wa vifaa kila mwaka. Kwa kompyuta ya Sh1,200,000 na miaka mitano, fungu hilo ni Sh20,000 kwa mwezi. Wakaguzi wa COASCO wanapofika hutaka kumbukumbu kamili, na hawatapokea maelezo kwamba diski ilikufa. Mkulima aliyepoteza stakabadhi yake naye hana pengine pa kukimbilia ila kumbukumbu hizo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo lina feni, diski na chaja, nalo linahitaji kutunzwa kama mizani inavyotunzwa.