Tangazeni Msimu Mapema, Watu wa Moa Waje

Wavuvi wa dagaa katika pwani ya Mkinga hupanga mwezi kwa kutazama mbingu. Giza likiingia, taa zinawashwa na vyombo vinakwenda. Mbalamwezi ikishapevuka dagaa hawafuati taa, basi nyavu zinashonwa ufukweni, arusi zinapangwa, na mwenye nduguye Tanga au ng'ambo ya mpaka kule Vanga anapata nafasi ya kwenda kumjulia hali. Akina mama wanaolima mwani nao wanafuata bamvua. Kijiji kama Moa kinaishi kwa kalenda ambayo kila mtu anaijua mapema, mtoto na mkubwa.

Mtu wa kijiji hicho akiletewa habari Jumatano kwamba Ijumaa kuna mchezo wa kuigiza Dar es Salaam, atashukuru, ataitazama picha ya bango kwenye simu, na hatakwenda. Si kwamba hapendi. Ameambiwa wakati ambapo nauli haijatafutwa, mwenyeji hajapigiwa simu na chombo kiko baharini. Vikundi vyetu vingi vya maigizo vinatangaza kazi zao kana kwamba watazamaji wote wanakaa umbali wa bajaji moja kutoka ukumbini. Kasoro hiyo inawanyima wasanii watazamaji, na inawanyima watu wa pwani ya kaskazini haki yao ya kuona tamthilia za lugha yao zikichezwa. Msimu ujao ungefaa kuanza tofauti.

Hebu safari yenyewe ihesabiwe. Kutoka Moa mtu anatoka kwanza hadi barabara kuu ya lami itokayo Horohoro kwenda Tanga. Akifika Tanga anapanda basi stendi ya Kange, anapita Muheza, Segera na Chalinze, karibu kilomita 350 hadi Dar es Salaam, na kuteremka Kituo cha Magufuli, Mbezi. Hapo bado hajafika anakokwenda. Kama mchezo uko Little Theatre ya Oysterbay, au katika ukumbi wa Nyumba ya Utamaduni pale Makumbusho ya Taifa, ana foleni nyingine ya kuivuka. Mchezo wa saa moja usiku humalizika saa tatu au saa nne, na saa hizo hakuna wa kumrudisha nyumbani. Lazima alale. Kwa shangazi Temeke hawezi kuibuka tu bila taarifa, hasa akiwa na wenzake wanne, na gesti inataka fedha taslimu. Nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio, chakula na malazi ni fedha za kuwekwa kidogo kidogo kwenye upatu kwa miezi, na hakuna kikundi kinachoanza kuweka fedha kwa tarehe isiyojulikana.

(Makumbusho hayo yako Mtaa wa Shaaban Robert. Mtoto wa Vibambani, Machui, nje kidogo ya Tanga, aliyezaliwa 1909, amepewa mtaa katikati ya Dar es Salaam. Watu wa kwao nao wawezeshwe kufika hapo kutazama sanaa.)

Kwa anayetaka kuanza na safari moja tu, ya kupendekezwa ni Bagamoyo. Kikundi cha Taifa cha ngoma kiliundwa miaka ya 1960, baadaye vikafuata vya sarakasi na maigizo, na vilipovunjwa mahali pao palishikwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza 1981 na ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Tamasha lake lilianza 1982 na limekuwa likifanyika mwaka hadi mwaka. Ukumbi wake uliungua 2002, ukajengwa mwingine mkubwa. Katika siku chache za tamasha mtazamaji anapata maigizo, ngoma, sarakasi na muziki, vikiwamo vikundi kutoka nje ya nchi, kwa gharama ya safari moja. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu wa mbali. Anayesafiri kwa mchezo mmoja akiukuta umeahirishwa amepoteza kila kitu; kwenye tamasha, kikundi kimoja kikikosa, kingine kipo jukwaani.

Njia nayo si mbaya. Anayetoka Tanga hana haja ya kuingia Dar es Salaam: anashuka Msata, kabla ya Chalinze, na kuchukua barabara ya lami inayokwenda moja kwa moja Bagamoyo. Barabara ya pwani inayojengwa kupitia Pangani na Saadani, yenye kilomita zipatazo 246 pamoja na daraja la Mto Pangani, ikikamilika itazileta Tanga na Bagamoyo karibu zaidi. Tatizo linalobaki ni tarehe. Siku za tamasha zimekuwa zikisogea, mara Septemba, mara Oktoba, mara Novemba. Kwa mkazi wa Bagamoyo tofauti hiyo ni ndogo. Kwa shule ya Mkinga ni kubwa mno, kwa sababu Novemba ni mwezi wa mtihani wa Kidato cha Nne, na hakuna mwalimu mkuu atakayewapeleka watahiniwa wake ngomani mwezi huo. Wanaofaa kupelekwa ni Kidato cha Tatu, na hata wao wanahitaji ruhusa za wazazi, basi la kukodi na mahali pa kulala wavulana na wasichana.

Hapo kwenye shule ndipo penye uchungu zaidi. Kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari Tanzania wamesoma Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, Orodha ya Steve Reynolds na Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation. Wanazijua dhamira, wahusika na mbinu za kisanaa, zote zikiwa zimepangwa kwenye daftari kwa ajili ya swali la mtihani. Wengi mno wanamaliza shule bila kuona hata tamthilia moja kati ya hizo ikisimama jukwaani.

Na hizo ni kazi zilizoandikwa zichezwe. Ngoswe, karani wa sensa, anafika kijijini kuhesabu watu, anajiingiza kwenye mapenzi na Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, na makaratasi ya serikali yanateketea kwa moto. Kwenye daftari tukio hilo ni mstari mmoja chini ya kichwa cha “matokeo ya uzembe”. Jukwaani ni kazi nzima iliyogeuka majivu mbele ya macho ya watu, na ukumbi mzima unajua nani amesababisha. Vivyo hivyo kwa Orodha: wanaume waliomfahamu marehemu Furaha wanahangaika juu ya orodha aliyoiacha, kila mmoja akihofia jina lake limo. Mwigizaji akinyamaza nukta mbili tu karatasi ikifunguliwa, jasho linamtoka hata mtazamaji asiye na kosa. Hayo hayapatikani kwa kukariri. Mwanafunzi wa Moa anastahili kuyaona mara moja kabla ya kuyajibia mtihani.

Kenya wamelielewa hili zamani. Vikundi vya maigizo huzunguka na vitabu vya mtihani. Kigogo ya Pauline Kea na baada yake Bembea ya Maisha ya Timothy Arege zimechezwa mbele ya wanafunzi kwenye kumbi za miji na za shule. Na kwa mtu wa Moa, Mombasa ni jiji la karibu kuliko Dar es Salaam: anavuka Horohoro na Lunga Lunga, anapita Kwale, anashuka Likoni na kupanda feri. Watu wa pande hizi, Wadigo, Wasegeju na Wavumba, wana jamaa pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo suala la malazi mara nyingi limeshatatuliwa na ukoo. Mombasa ina Little Theatre Club yake, nyumba ya maigizo ya miaka mingi. Hati ya kusafiria tu ndiyo isisahauliwe, na hiyo nayo haipatikani kwa siku mbili.

Nairobi ni mbali zaidi, ingawa treni ya Mombasa imeipunguza safari tangu 2017. Kuna michezo inayostahili urefu huo. Mei 2022 Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii iliyopigwa marufuku Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977, ilichezwa katika Ukumbi wa Taifa wa Kenya. Aliyekosa siku zile amekosa tukio la historia.

Wapo watakaosema kwamba kutangaza mapema ni anasa ya wenye fedha, na hoja yao ina uzito. Kikundi cha maigizo cha kwetu mara nyingi hakina ukumbi wake. Kinakodi, na mwenye ukumbi anataka malipo ya awali. Mfadhili anachelewa kujibu. Mwigizaji mkuu anapata kazi ya tangazo la televisheni na kuondoka katikati ya mazoezi. Mkurugenzi anayeahidi tarehe ya miezi minne mbele anajifunga bila kuwa na uhakika wa lolote.

Lakini ushahidi kwamba inawezekana uko kwetu wenyewe. Tamasha la muziki la Sauti za Busara, Unguja, tangu 2004 limejulikana kuwa ni la Februari. Tamasha la filamu la nchi za jahazi lilianza Unguja 1998 na watu wanaligojea katikati ya mwaka. Tamasha la kimataifa la maigizo la Kampala, lililoanza 2014, limejijengea jina lake Novemba. Nairobi, kikundi cha Heartstrings kwa miaka mingi kimezoeza watazamaji kupata kichekesho kipya karibu kila mwezi, na watu wanakifuata kwa sababu wana hakika kitakuwepo. Hawa wote wanahangaika na wafadhili na kodi za kumbi sawa na wengine. Hakuna anayedai kikundi kidogo kitangaze michezo kumi. Kitangaze miwili, na kiicheze siku kilizosema.

Mwaka 2012 ukumbi wa Globe, London, uliandaa tamthilia 37 za Shakespeare katika lugha 37. Kiswahili kilikuwamo: wasanii wa Kenya walicheza Wanawake wa Heri wa Winsa. Ratiba ya tamasha lile ilijulikana miezi mingi kabla, hivyo mtu wa Birmingham au Paris aliyetaka kuona mchezo wa Kiswahili aliweza kukata tiketi, kuomba likizo na kutafuta kitanda. Inauma kwamba mtazamaji wa Ulaya alitayarishiwa njia ya kuufikia mchezo wa Kiswahili vizuri kuliko anavyotayarishiwa Mswahili wa Mkinga.

Jukwaa halikuwa mbali hivi siku zote. Miaka ya 1990 Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba walipakia vyombo kwenye magari wakaenda mikoani na maigizo, ngoma, kwaya na taarab katika onyesho moja. Tanga yenyewe ilikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoibadili taarab ya pwani nzima na kumlea Shakila binti Said wa Pangani. Watu walijua kikundi kinakuja lini, wakaweka fedha kando. Hamu ya kutazama ilikuwepo, na haijafa. Kumbi zinazojazwa leo na wachekeshaji wa Dar es Salaam zinaonyesha kwamba Watanzania wanalipa kiingilio pale wanapopewa tarehe ya kuaminika.

Basi vikundi, kumbi na waandaaji wa matamasha wachukue hatua hizi kabla msimu haujaanza. Watoe tarehe angalau miezi mitatu kabla. Wakwepe Ramadhani, ambayo husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana haitoshi. Waseme mchezo ni wa lugha gani, unachukua saa ngapi na kama unafaa watoto. Waweke onyesho moja la Jumamosi saa nane mchana, ili basi la shule liwahi kuondoka, na bei ya pamoja kwa wanaokuja ishirini au thelathini. Na matangazo yasiishie Masaki na Mikocheni. Yabandikwe Kange, Horohoro, na kwenye mbao za shule za sekondari. Ofisi za utamaduni za halmashauri, Mkinga ikiwamo, zikipata ratiba hiyo ziifikishe vijijini.

Upande wa Moa nao una kazi yake. Walimu wa Kiswahili wachague tamthilia moja tu ya kufuatilia mwaka huu, waulize TaSUBa na vikundi vya Dar es Salaam na Mombasa nani anaicheza na lini, na wazazi waanze kuchanga mapema hata kama ni shilingi elfu kwa wiki. Kikundi cha akina mama kinachotaka kwenda Bagamoyo kipige simu sasa, kipate tarehe, kisha kitazame mwezi na bamvua kabla ya kukodi gari. Na kikundi chochote chenye mchezo tayari kwa Oktoba kiitangaze tarehe yake leo, ili wa Moa nao wapate muda wa kujipanga.