Rimu ya Asili na Nakala Yake
Rimu ya TE37, iliyotolewa na kampuni ya Rays ya Japani mwaka 1996 na kupewa jina kutokana na uzito wa kilo 3.7 wa saizi yake ya inchi 15, imeigwa kiasi kwamba spoki zake sita huonekana hata kwenye magari ambayo wamiliki wake hawajawahi kuisikia. Wapenzi wa magari huzicheka nakala hizo, na si bure: ile ya asili hufuliwa, yaani aluminiamu hushindiliwa kwa kani kubwa, ilhali nakala nyingi hutokana na aluminiamu iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Shimo la barabarani, hata hivyo, halisomi nembo. Anayeidharau nakala iliyopimwa uimara ikafaulu, huku yake ya asili ikiwa imepinda na kunyooshwa kwa nyundo, hatetei uhandisi bali bei aliyolipa. Ya kuogopwa ni ile isiyopimwa kabisa.