Kushindana si Kugombana

Mwezi uliopita wazazi wa shule yetu walikutana chini ya mwembe wakaazimia neno ambalo sikubaliani nalo, nami naomba nafasi katika kurasa hizi nilipinge mbele ya wote. Waliazimia kwamba binti zetu waache kucheza mpira wa mikono na shule za jirani. Wacheze wenyewe kwa wenyewe wakipenda, ila mabao yasihesabiwe, wala asitajwe aliyeshinda na aliyeshindwa. Mzee mmoja, ambaye namheshimu kama baba yangu, alisema, "Mwalimu, mashindano ndiyo mwanzo wa uadui. Wafundishe watoto hesabu, uache hesabu ya mabao." Watu walicheka, hata mimi nilicheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena.

Sababu ya maazimio hayo yajulikana na kila mtu hapa kwetu. Tulifungwa na shule moja, ambayo sitaitaja jina, na katika timu yao alikuwamo msichana aliyekwisha maliza masomo mwaka uliotangulia. Binti zetu walimtambua, maana huteka maji kisima kimoja na jamaa zake. Mwamuzi aliambiwa, akatikisa kichwa, akapuliza filimbi mchezo uendelee. Njiani kurudi yalitupwa maneno, kisha mawe, na mtoto mmoja akapasuka kipaji cha uso. Basi sisemi kwamba wazazi wamekasirika bure.

Lakini katika mkutano ule ule alisimama kijana mmoja, naye ni baba wa watoto wawili, akasema, "Mwakani nasi tumtafute mkubwa wetu." Hapo wengine walipiga makofi. Na kwa kuwa nimekusudia kusema kweli, nitasema hata ile inayoniaibisha: nilianza kuwahesabu moyoni wale wasichana waliomaliza shule ambao mikono yao ingali na nguvu. Nilifika wa tatu kabla sijaona haya.

Mzee na kijana walidhani kwamba wanabishana. Mimi naona walikuwa wakisema neno moja. Wote wawili waamini kwamba mashindano ni njia ya mtu kumtweza mwenzake. Mmoja aiogopa njia hiyo, na wa pili ataka kuipita upesi kuliko jirani.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Twasema penda, na pendana. Saidia, na saidiana. Shinda, na shindana. Mtu aweza kushinda peke yake, kama ashindavyo usingizi au uvivu. Kushindana peke yake hawezi, kama asivyoweza kupeana mkono peke yake. Ni kazi ya wawili, wenye mapatano, wakubaliao mpaka mmoja na kipimo kimoja. Na wahenga waliposema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, hawakusema kwamba si mshindi. Mshindi wa jina aweza kuwa. Kombe laweza kuwa kabatini kwake. Walisema si mshindani, yaani kazi ile ya wawili hakuifanya kabisa. Shule ile iliyomwingiza mtu mzima haikutushinda, kwa sababu haikushindana nasi.

Nao mpira wa mikono wafundisha jambo hili wazi kuliko michezo mingine niijuayo. Aliyeuandikia sheria zilizochapwa mwaka 1906 alikuwa mwenzetu wa kazi, mwalimu Holger Nielsen wa Ordrup katika nchi ya Denmark. Siku hizi huchezwa na watu saba kila upande, katika kiwanja cha mita 40 kwa 20, muda wa dakika 30 mara mbili. Mwenye mpira haruhusiwi kwenda zaidi ya hatua tatu, wala kuushika zaidi ya sekunde tatu bila kufanya neno. Hana budi kuutoa, kuudundisha au kuutupa golini. Mbele ya goli pana mstari wa mita sita, na ndani yake haruhusiwi kusimama mtu ila mlinda goli. Mshambuliaji aweza kuruka hewani juu ya eneo lile na kutupa kabla hajagusa chini. Lakini akiukanyaga mstari, bao lake si bao, hata kama mpira umetoboa wavu.

Sheria moja napenda kuieleza kwa urefu, maana inalijibu azimio la wazazi. Timu ikiwa na mpira, ikaupitisha huku na huko pasipo nia ya kufunga, ili saa iishe tu, mwamuzi huinua mkono kuionya. Tangu mwaka 1972 sheria ndogo ndogo zimebadilika mara nyingi, na tangu mwaka 2022 baada ya ishara hiyo timu imepewa pasi nne tu. Isipotupa golini, mpira hupewa wenzao. Yaani ni kosa kukataa kushindana! Timu ile haikumwumiza mtu, haikumtukana mtu, nayo imeadhibiwa kwa kuwa imemnyima mwenzake mchezo. Nasi twataka kuwafundisha watoto mchezo usio na bao hata moja la kuhesabiwa, ambao mwamuzi yeyote angeinua mkono tangu dakika ya kwanza.

Mzee wangu atanisamehe nikimkumbusha jambo. Kila jioni, chini ya mwembe ule ule, yeye hucheza bao na rafiki yake wa tangu ujana. Nimewatazama mara nyingi. Hugombea kila kete kwa macho makali, na akifungwa hunyamaza kitambo, kisha husema, "Panga tena." Kama ningemwendea nikamwambia, "Mzee, chezeni, lakini kete zisihesabiwe, asijulikane aliyefungwa," angeniona mtovu wa adabu, tena angekuwa na haki. Na rafiki yake akikamatwa amechomeka kete moja katika mkunjo wa kanzu, je, atauchoma moto ubao, au atamwambia airudishe kete? Urafiki wao umedumu miaka mingi juu ya ubao huo, nami sijasikia mtu akisema bao limeleta uadui kijijini.

Wengine watasema kwamba haya ni ya kijiji, na wakubwa wa dunia wana mambo mengine. Wakubwa nao wameonja. Mwaka 2007 mataifa ya Asia yalishindania nafasi ya wanaume katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing, huko Toyota, Japani. Kuwait ilitoka mbele, lakini Korea ya Kusini na Japani zililalamika sana juu ya uamuzi. Shirikisho la mchezo huu la dunia nzima liliamuru mashindano yarudiwe. Januari 2008 yalirudiwa Tokyo. Kuwait haikufika, na Korea ikaifunga Japani 28 kwa 25, ikaenda Beijing. Angalieni walivyofanya: hawakusema mpira wa mikono ufutwe katika Asia, wala hawakusema kila timu ijitafutie mwamuzi wake. Walisema, rudieni, na mwamuzi awe mwingine.

Na faida ya kushindana kwa haki tunaiona katika bara letu. Wanawake wa Angola wamefika katika kila Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1996 hata 2024. Wanaume wa Misri, katika michezo ya Tokyo iliyofanywa mwaka 2021, waliwatoa Wajerumani 31 kwa 26, wakamaliza wa nne. Hawakufika huko kwa kucheza wenyewe kwa wenyewe. Walikwenda kwa wenye nguvu, wakafungwa, wakarudi nyumbani na hesabu ya mabao mkononi, wakatafuta kosa lilipo.

Najua neno litakalobaki: mtoto aliyeshindwa huumia moyo. Naam, huumia. Nilimwona mlinda goli wetu siku ile, ameketi juu ya mfuko wake asitake kula. Lakini nilimwuliza kilichomwuma, naye hakusema ni mabao. Alisema, "Mwalimu, yule dada si mwanafunzi, nawe ulinyamaza." Kweli nilinyamaza. Nilimwachia mwamuzi, na mwamuzi aliponyamaza nikaona nimemaliza kazi yangu. Kama nilivyoona, mtoto yule alikuwa tayari kufungwa. Hakuwa tayari kudanganywa, wala kuwa na mwalimu aliyeona akanyamaza.

Kwa hiyo nimemwandikia mwalimu wa shule ile, bila kumtukana. Nimemwomba alete timu yake Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, kila mwalimu aje na daftari la mahudhurio, tusomeane majina kabla ya filimbi. Mwamuzi atoke shule ya tatu. Wazazi wetu wamekubali kusubiri jibu kabla ya kulithibitisha azimio lao, na mzee wangu amesema atakuja kutazama, ingawa hajabadili shauri. Mistari ya kiwanja nimekwisha ipiga upya kwa majivu, na ule wa mita sita nimeupima mara mbili.