Kukata Si Kubana

Kwenye vibanda vya Chato, kaseti ya ngoma ya Kisukuma huingizwa kwenye kompyuta upande mzima, dakika 30, kisha hukatwa wimbo mmoja mmoja na kuhifadhiwa upya kama MP3. Wanaita kuokoa urithi. Mimi naita kuupunguza. MP3 hutupa sehemu ya sauti kila inapobanwa. Ukiibana tena hutupa nyingine, na hairudi. Mlio mkali wa njuga huumia mapema.

Watasema kwa simu inatosha. Inatosha kusikiliza, haitoshi kuwa nakala pekee. Rekodi kwa WAV, kata humo humo, tunza na upande mzima. Kama tayari ni MP3, programu ya mp3splt huikata bila kuibana upya, tena bure. Utepe unachakaa, wajukuu watarithi faili tu.