Ukame wa Roho na Jumuiya Zetu
Mtakatifu Teresa wa Kalkuta aliishi karibu miaka 50 katika giza la sala. Barua zake zilipochapwa kitabuni mwaka 2007, wengi walishtuka. Sisi wa Kibaha na Kisarawe hali hiyo tunaijua: Rozari inakuwa nzito, Misa inapita tu. Anayekauka hukwepa kwanza Jumuiya, akisingizia duka la Maili Moja au shamba la mihogo (au mvua, hata kiangazi!). Tunaona hapo ndipo anapojinyima chakula. Maaskofu wa AMECEA walizipa Jumuiya Ndogondogo kipaumbele mwaka 1976 ili Kanisa liwe la majirani. Asiyeweza kusali aje akae, wenzake wasali. Na mtu asipoonekana wiki mbili, viongozi wasianze na michango yake. Waende wakapige hodi.