Ndege zilizofundisha marubani wetu wa kwanza zitafutwe kwenye madaftari

MKOA wa Morogoro una uhusiano wa muda mrefu na ndege za kijeshi kuliko wengi wetu tunavyokumbuka. Kituo cha jeshi la anga cha Ngerengere, kilichojengwa kwa msaada wa China, kimo mkoani humu. Zamani zaidi, mwaka 1916, majeshi ya Jenerali Jan Smuts yalipokuwa yakiwasukuma Wajerumani kuelekea kusini, yaliongozana na Kikosi cha 26 cha ndege za Uingereza, ambacho askari wake wengi walitoka Afrika Kusini na ambacho kilitumia ndege aina ya BE2c. Agosti mwaka huo mji wa Kilosa uliangukia mikononi mwa majeshi hayo.

Mwanafunzi wa Magole, kata iliyo kando ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, anaweza kufundishwa habari hizo darasani. Akitaka kuziona kwa macho, kazi inakuwa ngumu. Ndege ya aina ya BE2c imehifadhiwa na Imperial War Museum ya Uingereza. Makumbusho ya Taifa ya Tanzania yana vituo vyake Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea, na kilicho karibu na Magole kiko umbali wa zaidi ya kilometa 200. Lakini umbali ni sehemu ndogo ya tatizo. Tatizo kubwa ni kwamba historia ya anga ya Tanzania huru imeandikwa juu ya vyombo ambavyo havina rejista ya wazi inayompa raia njia ya kuvifuatilia.

Tuanze na vyombo vyenyewe. Baada ya maasi ya askari wa Tanganyika Rifles yaliyoanza Januari 20, 1964 katika kambi ya Colito, serikali ililivunja jeshi lile lililorithiwa kutoka kwa mkoloni. Jeshi la Wananchi wa Tanzania likazaliwa Septemba 1, 1964. Kwa upande wa anga, msaada wa kwanza ulitoka Ujerumani Magharibi, na miongoni mwa ndege zilizohusika ni ndege ya mafunzo aina ya Piaggio P.149D.

Ndege hiyo ilibuniwa Italia na kuruka kwa mara ya kwanza mwaka 1953. Ni ya injini moja, mwili wa chuma, mabawa ya chini, na magurudumu yanayokunjwa baada ya kuruka. Ujerumani Magharibi iliichagua kwa kufundishia marubani wake kuanzia mwaka 1957, na nyingi zilitengenezwa kwa leseni na kiwanda cha Focke-Wulf mjini Bremen. Jeshi la anga la Ujerumani liliitumia hadi mwaka 1990. Uganda nayo ilipata ndege za aina hiyo kupitia Israel, katika miaka ambayo nchi hizo mbili zilikuwa marafiki.

Msaada wa Ujerumani Magharibi haukudumu. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki kabla ya Muungano wa Aprili 26, 1964, na serikali ya Muungano ilipokubali Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo Dar es Salaam, serikali ya Bonn ilikasirika. Februari 1965 ikaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Mwalimu Julius Nyerere naye akajibu kwamba Tanzania haiko tayari kuuza msimamo wake kwa misaada, na akaukataa msaada wa serikali hiyo uliokuwa umesalia. Canada ikachukua nafasi kwa mpango wa miaka mitano, ikaleta ndege za uchukuzi aina ya Otter na Caribou na kuwafundisha marubani na mafundi wetu hadi mwaka 1970. Baada ya hapo ikaja China na ndege za kivita.

Kwa hiyo Piaggio ya mwaka 1964 ni zaidi ya ndege kuukuu. Ni kielelezo cha siku ambazo nchi changa ilijifunza kwamba hata mafunzo ya urubani yanaweza kugeuzwa kamba ya kufungia sera yake ya nje. Kwa watoza ndege wa Ulaya aina hii si adimu hata kidogo. Ipo katika mkusanyiko wa makumbusho ya jeshi la Ujerumani yaliyoko Gatow, Berlin, na nyingine bado zinaruka zikiwa mali ya watu binafsi. Kilicho adimu ni ile moja iliyobeba kijana wa Kitanzania katika safari yake ya kwanza angani. Uadimu wake haumo katika chuma, umo katika kumbukumbu zake.

Hapa ndipo penye somo kwa yeyote anayetafuta ndege ya zamani. Majumba makubwa ya makumbusho duniani huonyesha sehemu tu ya mali yake. Nyingine hukaa ghalani, mabawa yakiwa yamefunguliwa na kuegemezwa ukutani, injini ikiwa katika sanduku lake. Mtu anaweza kupita kando yake asiitambue. Rangi hubadilishwa, namba ya jeshi hufutwa kila ndege inapohamia kwa mmiliki mpya. Kinachobaki ni namba ya kiwandani, iliyogongwa katika bati dogo la utambulisho, na mafaili yanayotaja namba hiyo. Ndege hutafutwa kwanza kwenye karatasi, kisha ghalani.

Marekani inatupa mfano mzuri. Katikati ya miaka ya 2000 rubani mmoja wa jeshi la anga la nchi hiyo alinunua mabaki ya ndege ya mafunzo aina ya Stearman iliyotengenezwa mwaka 1944, ambayo baada ya vita ilikuwa ikinyunyizia dawa mashambani. Alipofuatilia namba yake katika kumbukumbu za jeshi, aligundua kuwa ilikuwa imetumika Tuskegee, jimboni Alabama, mahali walipofundishwa marubani weusi wa kwanza wa jeshi la Marekani katika enzi ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 2011 ndege hiyo ilikabidhiwa kwa Smithsonian, na sasa inaning'inia katika jumba la makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi mjini Washington, lililofunguliwa Septemba 2016. Bila faili la namba, ingekuwa chuma chakavu. Kwa faili hilo, ikawa urithi wa taifa.

Je, sheria zetu zinaruhusu jambo kama hilo? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kwa vitu vya baadaye yapo makundi maalumu, na waziri ana mamlaka ya kutangaza kitu fulani kuwa kinalindwa. Ndege ya miaka ya 1960 haimo katika ulinzi huo wa moja kwa moja, hivyo usalama wake unategemea mtu mwenye mamlaka akumbuke kuitangaza. Kwa sheria iliyotungwa mwaka uleule ambao JWTZ ilizaliwa, hilo linaeleweka: wakati huo ndege hizo zilikuwa mpya. Leo zina zaidi ya miaka 60.

Upande wa nyaraka, hali ina nafuu. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inaweka kanuni kwamba kumbukumbu za umma hufunguliwa baada ya miaka 30, isipokuwa zile zinazozuiliwa kwa sababu maalumu kama vile usalama. Mafaili ya mwaka 1964 hadi 1970 yamevuka muda huo kitambo.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya jeshi hayapaswi kuchokonolewa. Hoja hiyo ina uzito inapohusu vifaa vinavyotumika sasa. Ndege ya mafunzo ambayo wenzetu wa Ulaya wanaimiliki kwa starehe haina siri ya kulinda. Wengine watasema kuhifadhi ndege ni gharama, nao wana haki: ndege inahitaji paa, ukavu na mafundi. Lakini kuiandika kwenye rejista hakuhitaji paa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Na daftari lenyewe lisiwe moja. Watu wa Magole na Dumila hawahitaji kufundishwa hilo. Mafuriko ya Januari 2014 yalibomoa nyumba zao na kuliharibu daraja la Dumila, yakakata barabara kuu. Karatasi isiyo na nakala mahali pengine inaweza kwenda na maji kwa usiku mmoja.

Hatua zinazohitajika si kubwa. Makumbusho ya Taifa na JWTZ yatengeneze rejista ya pamoja ya vyombo vya kijeshi vya kihistoria, ikionyesha namba ya kiwandani, mwaka wa kupokewa, na kilichotokea: kimehifadhiwa, kimerudishwa kilikotoka, kimeuzwa au kimevunjwa. Serikali iombe nakala za kumbukumbu za msaada ule kutoka hifadhi ya nyaraka za kijeshi ya Ujerumani iliyoko Freiburg, na hifadhi ya taifa ya Canada iliyoko Ottawa. Bunge nalo liitazame upya tarehe ya 1863.

La haraka kuliko yote ni watu. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1964 sasa amevuka 80. Marubani na mafundi wa kundi lile wanaweza kutambua ndege katika picha, kutaja namba yake na kueleza ilivunjikia wapi. Mafaili yanaweza kungoja miaka mingine kumi. Wao hawawezi.